Zamu ya Nyawira

Mimi na maji hatujawahi kupatana. Nimezaliwa Isinya, nimeolewa Kitengela, na maji mengi kabisa niliyozoea kuyaona ni yale ya lori yakijazwa kwenye tangi nyuma ya nyumba yangu. Kwa hiyo kiongozi wetu wa kwaya aliposema kwamba Jumatatu tutapanda feri twende kisiwani, nilimwambia waziwazi kuwa mimi nilikuja Mwanza kuimba harusini, sikuja kufa.

"Wacha uoga, Nyawira," akasema Mutheu. "Hiyo feri inabeba mpaka malori. Wewe na hizo kilo zako utaizamisha aje?"

Mutheu ni rafiki yangu wa miaka ishirini. Anauza nguo kando ya duka langu la chakula cha kuku, na adabu hana hata chembe. Gitonga, kijana wa mchungaji wetu, alikuwa amemwoa msichana wa Mwanza siku ya Jumamosi, na basi letu lilikuwa linarudi Kitengela Jumanne. Wakwe zake waliona ni aibu watu watoke Kajiado nchini Kenya, wavuke mpaka wa Sirari, wafike ziwani, kisha warudi kwao bila kukanyaga kisiwa hata kimoja. Ningebaki hotelini peke yangu nikitazama ukuta?

Basi nikapanda. Wenyeji wanaiita kivuko. Nilivaa jaketi la kuokolea maisha kabla hata hatujaondoka, nikaketi katikati kabisa, mbali na maji ya upande huu na ya upande ule. Ryan, kitindamimba wangu, alinitumia ujumbe kutoka nyumbani: "Mum usianguke." Nikamjibu kwamba ikiwa hataosha vyombo, nitakuja kuanguka juu yake.

Injini ilikuwa chini yetu, na ilikuwa ikikoroma vibaya. Sakafu ilitetemeka mpaka meno yakagongana.

"Huyu fundi wao hajui kazi," nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Injini kama hii Muturi angeitengeneza na spana moja."

Mutheu alinigeukia macho yakiwa yamemtoka. Sikuwa nimelitaja jina hilo mbele yake kwa miaka mingi. Hata mimi sijui lilitokea wapi.

Muturi ni mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye. Alikuwa fundi wa malori kule Namanga, kijana wa mikono ya ajabu na kichwa kibovu, maana alipenda chupa. Mwaka wa elfu mbili na sita baba yetu, Mzee Gakuru, alizidiwa akiwa nyumbani Isinya. Tukampigia Muturi simu aje na pikapu ampeleke hospitali. Akasema yuko njiani. Baba alivishwa koti, akaketi kwenye kiti kando ya lango tangu saa nne asubuhi, na kila gari lililopita aliinua kichwa. Muturi alifika kesho yake, ananuka pombe, na Baba alikuwa ameshafariki.

Siku ya mazishi nilisimama karibu naye kaburini. Watu walikuwa wanaimba. Nikamsogelea sikioni na kumwambia, "Ungekufa wewe." Maneno mawili tu. Hakuna mwingine aliyesikia. Muturi aliweka koleo chini, akatoka langoni, na hatukumwona tena.

Kwa miaka yote hiyo watu walijua ametoroka kwa aibu. Mimi ndiye niliyejua kilichomfukuza, na sikumwambia mtu, hata mume wangu Mbugua, hata Mama. Tulimtafuta Namanga, Arusha, Loitokitok. Miaka kumi na miwili ilipopita bila habari, wazee wa ukoo walisema jina lake haliwezi kuendelea kuning'inia hewani. Tukanunua jeneza, tukalaza shina la mgomba ndani yake badala ya mwili, tukalifunika na jaketi lake la kazi, tukalizika kando ya Baba. Mimi ndiye niliyeshikilia sana kwamba tuzike. Nilidhani mzigo ungeshuka. Mama alikataa kutupa mchanga. Alisimama pale na fimbo yake akasema, "Mimi sikuzaa mgomba," kisha akaingia jikoni kukamua chai ya watu kutoka kwa majani yaliyokwisha chemshwa mara tatu, jinsi alivyokuwa na hasira.

Haya yote yalinipitia kichwani kwa sababu ya injini. Nikakasirika zaidi.

Kisiwa cha Nyamasanza ni kidogo, mawe makubwa na miti, na kimya chake kilinitisha kuliko maji. Kitengela hata saa kumi alfajiri kuna boda boda, kuna lori la mchanga, kuna mhubiri na spika. Pale nilisikia viatu vyangu mwenyewe. Wanakwaya walitawanyika kupiga picha juu ya mawe. Mimi na Mutheu tulitafuta chakula, tukaelekezwa kwa mama mmoja mwenye kibanda cha mabati, Nyamizi, anayekaanga sato watamu. Tukaketi kwenye benchi. Nilikuwa nimetoa viatu, nimeanza hata kufurahi.

"Nyawira!" mtu akaita kwa ukali. "We Nyawira!"

"Nini tena?" nikaitika.

Nyamizi akageuka kutoka jikoni, mwiko mkononi, akanitazama akashangaa. Kisha akaangua kicheko. "Samahani, mama. Namwita mwanangu."

Mtoto wa miaka kama sita akatokea nyuma ya kibanda, amebeba paka aliyechoka kubebwa. "Shikamoo," akaniambia.

"Mzuri," nikasema. Mutheu akanipiga kiwiko, nikasahihisha, "Marahaba." Lakini akili yangu haikuwa kwenye salamu. Nyawira ni jina la Kikuyu. Pale tulipokuwa hapakuwa na Mkikuyu wa karibu zaidi ya basi letu.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri.

"Nyawira Petro."

"Jina zuri. Nani alikupa?"

"Baba."

Nikamwambia Mutheu kwa sauti ya chini, "Kuna Mkikuyu amefika mpaka huku. Hawa watu wetu hawaachi mahali." Tukacheka. Nilicheka kabisa, Mungu ananiona. Nyamizi akaleta samaki, nikamuuliza, kwa udaku tu, ana watoto wangapi.

"Wanne," akasema. "Huyu ndiye wa mwisho. Wa kwanza ni mvulana, yuko sekondari Mwanza, anaitwa Gakuru."

Nilikuwa nimeshika kipande cha samaki. Kilibaki hapo hapo mkononi.

"Anayefuata?" nikauliza.

"Wangechi. Halafu Kabula, huyo ni jina la mama yangu. Halafu huyu mtukutu."

Mama yangu anaitwa Wangechi.

Ngoja nieleze, maana asiyezaliwa kwetu anaweza kudhani haya ni majina tu. Kwetu mtoto hachaguliwi jina. Mvulana wa kwanza ni babu yake mzaa baba. Msichana wa kwanza ni nyanya yake mzaa baba. Wanaofuata ni wazazi wa upande wa mama. Wazee wakiisha, zamu inaingia kwa ndugu wa baba na wa mama, mmoja baada ya mwingine, wavulana kwa wajomba na baba wadogo, wasichana kwa shangazi. Hakuna kuruka mtu. Anayerukwa hujua amerukwa.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Mvulana wa kwanza, Gakuru: baba ya baba yake. Msichana wa kwanza, Wangechi: mama ya baba yake. Wa pili, Kabula: mama ya Nyamizi. Wa tatu anapewa jina la dada ya baba yake. Nikamtazama yule mtoto na paka wake. Alikuwa na paji la uso la Mama, lile lililotokeza mbele kana kwamba linataka ugomvi.

Sikuweza kumeza, sikuweza kutema. Mutheu, ambaye ni Mkamba na hesabu zetu hazijui vizuri, aliona tu uso wangu ukibadilika akadhani nimekwamwa na mwiba. Akaanza kunipiga mgongoni.

"Baba yao ni mtu wa wapi?" nikamuuliza Nyamizi.

"Petro? Anasema kwao ni Arusha. Hapendi maneno mengi kuhusu kwao. Nilipomuuliza haya majina ni ya kabila gani, alisema ni ya kwao basi, nisimchoshe." Akafuta mikono kwenye kanga. "Ni fundi wa kivuko. Mmekuja naye leo, ila yeye anakaa chini kwenye injini, hamwezi kumwona. Atarudi nacho saa kumi."

Nilikuwa nimeketi juu ya kichwa chake njia nzima. Nilikuwa nimemtukana.

Nilimwambia Mutheu yote pale kwenye benchi, hata yale maneno mawili ya kaburini ambayo sikuwahi kumwambia binadamu. Hakufanya mzaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Na kama si yeye?"

"Ni yeye."

"Na kama ni yeye na hataki kukuona?"

Hilo ndilo nililoliogopa. Kufa hakufa, mgomba wetu ulikuwa umeoza bure. Lakini mtu akijificha miaka kumi na tisa, akabadilisha jina lake na kwao, amekwisha sema anachotaka. Feri ya saa kumi ndiyo ingeturudisha. Kesho asubuhi basi lingeondoka. Nilikuwa na muda wa abiria kushuka na wengine kupanda, na katika muda huo nilitakiwa kumwomba mtu msamaha kwa jambo ambalo hata yeye huenda alishalifunika.

Saa tisa nilikuwa nimeshasimama gatini peke yangu, sina hata jaketi la kuokolea. Yule mtoto alinifuata. Nadhani alipenda kwamba tuna jina moja. Aliniambia paka anaitwa Simba, na kwamba baba yake akirudi hunuka dizeli, na kwamba akikataa kula baba humwambia, "Nyawira, usinianze." Nilimshika mkono.

Kivuko kikaja, kikashusha mlango wake, watu wakashuka na magunia na baiskeli. Injini ikapunguza sauti. Ndipo mlango mdogo wa chuma pembeni ukafunguka, akatoka mwanamume aliyevaa ovaroli, anafuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa amenenepa. Nywele zilikuwa zimerudi nyuma. Ningempita sokoni Kitengela nisimjue.

"Muturi," nikaita.

Hakugeuka. Hata bega halikusogea. Nikaanza kuogopa kwamba nimekosea, kwamba nimejitia wazimu kwa sababu ya samaki.

Kule Isinya majirani wetu wote walikuwa Wamaasai, na sisi wawili tangu utoto tulisalimiana kama wao, hata tukiwa tumegombana. Nilijaza pumzi.

"Sopa!"

"Ipa," akajibu papo hapo, kabla hajafikiri, kisha kitambaa kikamwanguka.

Tulitazamana. Abiria walitupita kushoto na kulia, mtu mmoja akatuambia tusizibe njia. Mimi niliyetunga hotuba saa nzima pale gatini, nilisahau yote.

"Mama?" akauliza hatimaye.

"Yuko. Themanini na mbili. Bado anakamua ng'ombe mwenyewe."

Akachuchumaa palepale kwenye saruji, akashika kichwa. Mtoto akamkimbilia akamuuliza, "Baba, umeumia?" Akasema hapana.

"Muturi, yale maneno niliyokuambia kwa kaburi ya Baba..."

"Nayakumbuka."

"Sikumaanisha."

"Ulimaanisha," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Hata mimi niliona uko sawa. Ndiyo maana nilienda."

"Na ukampa mtoto jina langu?"

Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Sikutaka. Alipozaliwa nilikaa siku tatu bila kumpa jina. Nyamizi akaniuliza kama nimeshikwa na wazimu. Nilitaka kukuruka. Nilijaribu kabisa, dada. Nikashindwa. Zamu yako ilikuwa imefika." Akainua kitambaa chake. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nikimwita nasikia uchungu hapa. Lakini utaita jina mara ngapi kwa siku? Nyawira njoo ule. Nyawira wacha paka. Hasira ilichoka yenyewe."

Nililia mbele ya watu wazima na mizigo yao, na sikuona haya. Nikamwambia tulivyomzika. Nikamwambia kuhusu mgomba na jaketi. Alishtuka mpaka akacheka, kicheko kibaya, akarudia mara mbili, "Mlinizika?" Nikamwambia Mama alivyokataa mchanga, na maneno aliyosema. Hapo hakucheka tena.

Nikampigia Mama. Simu ililia sana kabla hajaipata mfukoni.

"Mama, keti chini. Niko na Muturi."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Mpe simu," akasema.

Sikusikia alichoambiwa. Nilimwona tu mdogo wangu, mzee mzima wa miaka arobaini na kitu, amesimama wima kama mwanafunzi anayekaripiwa, akimwitikia mama yake ndiyo kwa Kikuyu, "Ĩĩ, Maitũ. Ĩĩ, Maitũ," machozi yakimdondoka kwenye ovaroli. Aliponirudishia simu alisema Mama ameamuru aje Desemba na watoto wote wanne, na kwamba akifika atafukua huo mgomba kwa mikono yake, yeye Muturi mwenyewe, maana hawezi kuvuka kaburi lake kila akienda chooni.

Wanakwaya walikuwa wameshapanda. Mutheu alisimama mlangoni mwa kivuko, ameshika kipochi changu, hasemi kitu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nahodha akapiga honi mara ya kwanza. Muturi akaniambia nipande, naye ana injini ya kuwasha. Lakini hakwenda. Alinitazama na kutabasamu, na sasa nikamwona, mdogo wangu yule yule.

"Nilikuacha na watatu. Sasa uko na watoto wangapi?"

"Wanne. Wavulana watupu."

"Wanne!" Akainua mkono wake wenye mafuta, akaanza kuhesabu kwa vidole kama tulivyofundishwa. "Wa kwanza ni baba yake Mbugua."

"Ndiyo."

"Wa pili ni Baba."

"Gakuru. Ameshamaliza chuo."

"Wa tatu ni ndugu ya Mbugua."

"Ndiyo."

Kidole cha nne kikainuka. Alikuwa anangoja tu, na uso wake ulikuwa umekwisha anza kufurahi, kwa kuwa mimi nina ndugu mmoja tu duniani na zamu ya nne haiwezi kuwa ya mtu mwingine.

Ningeweza kusema Muturi. Mutheu, hata kama angesikia, asingenisaliti, na Desemba ilikuwa mbali. Nilikumbuka wodi ya hospitali mwaka wa elfu mbili na nane, Mbugua ameshika fomu, ananiuliza kwa upole, "Huyu si ni Muturi?" nami nikamwambia afadhali nimpe jina la mbwa. Watu wote niliwaambia Ryan ni jina la kisasa. Nililichukua kwenye gazeti lililokuwa kitandani.

Yule mtoto alikuwa amerudi kunishika mkono, ananitazama.

"Anaitwa Ryan," nikasema.

Kidole kilibaki juu. "Ryan," akarudia polepole, kama anayesoma kibao cha mahali asipopajua. "Alizaliwa lini?"

"Miaka miwili baada ya wewe kwenda."

"Kabla hamjanizika."

"Kabla."

Akakunja kile kidole, kisha vile vingine vitatu, akatia mkono mfukoni. Honi ikalia mara ya pili.

"Ni jina zuri," akasema, akainama kuingia mlango wa chuma, akaufunga.

Nilipanda. Nilikataa kiti nilichowekewa, nikaketi sakafuni juu ya injini ile ile, nayo ikaanza kukoroma na kututetemesha mifupa. Mutheu aliketi kando yangu. Mwanakwaya mmoja alilalamika kwamba fundi wa hiki chombo hajui kazi. Nilimwambia anyamaze.